Pini Nne za Abigaïl

Jumatatu, 10 Machi

Imefanyika! Miaka kumi na nne nafundisha électro-aimant, sumaku ya umeme, kwa chaki tu, leo wameishika kwa mikono. Huitième yote, darasa la nane — watoto hamsini na wawili, vikundi tisa. Waya nilipewa na Chishimba, fundi wa kusuka mota, aliutoa kwenye mota iliyoungua. Betri na misumari walileta wenyewe. Kelele mpaka préfet, mkuu wa shule, akachungulia dirishani. Unawasha, pini zinapanda kwenye msumari, unakata, zinaanguka. Sikuweza kufika kwa kila kikundi. Nimefurahi, na bado siwezi kukaa kitini.

Jumatano, 12 Machi

Interro, jaribio fupi. Swali la tatu: ukikata umeme, pini zinafanya nini? Hamsini na mmoja wameandika zinaanguka. Abigaïl, binti wa Kakule muuza vifaa vya ujenzi, ameandika: tatu zilianguka, nne zikabaki. Sufuri. Swali hilo lina pointi kumi! Limemshusha chini ya nusu — na baba yake amesema wazi: asipopita sciences hakuna section électricité, mkondo wa umeme, atampeleka couture, akashone nguo. Ndiye pekee anayeniuliza maswali. Lakini jibu ni baya, nifanyeje.

Alhamisi, 13 Machi

Alikuja mezani kwangu mbele ya wote. "Prof, miye niliona. Mapini ine ilibakia." Nikasema labda walizipaka asali. Darasa likacheka vizuri. Akarudi, akakaa, akafunga daftari.

Kwa nini nilisema vile? Nilikuwa na haraka — uongo. Sikupenda kupingwa.

Ijumaa, 14 Machi

Nimepanga vifaa kwenye sanduku. Msumari wa kikundi cha Abigaïl ni mfupi, mweusi — msumari wa béton, wa kupigilia zege, kutoka duka la baba yake. Nikauzungushia waya. Nikaunganisha betri, nikakata. Pini nne zinaning'inia! Nimerudia mara sita. Nne. Tatu. Nne.

Acier. Chuma kigumu, kikishika usumaku hakiuachi upesi. Miaka kumi na nne nawaandikisha "noyau en fer doux", kiini cha chuma laini, na sijawahi kujiuliza hiyo laini inafanya kazi gani pale. Naona aibu. Bulletin, ripoti za pointi, zinatoka Jumatano ijayo.

Jumapili, 16 Machi

Baada ya misa mama yake Abigaïl, Germaine, akanisimamisha. Mtoto hataki tena électricité. "Anasema macho yake inamudanganyaka, Prof." Nikajibu atazoea. Atazoea nini? Ningemweleza pale pale, lakini kulikuwa na watu.

Mchana mzima nazunguka nyumba. Mke wangu ameuliza kama nimepoteza kitu.

Jumatatu, 17 Machi

Nimepata njia. Interro ya pili kesho, kwa wote walio chini ya nusu, swali lilelile. Ataandika nne, nitampa kumi, kwisha. Sitalazimika kusimama mbele ya darasa na kusema nilikosa. Muoga mimi — lakini mtoto atapita.

Jumanne, 18 Machi

Wamemaliza. Karatasi yake niliitafuta kwanza. Mwandiko safi, mstari umepigwa kwa rula: pini zote zinaanguka.

Nikamwita barazani. Nikamuuliza, lakini wewe siku ile uliona nini? Akaangalia viatu vyangu.

"Niliona ile Prof anasema."

Préfet anataka pointi kabla ya saa saba. Kwa barème yangu, mwongozo wa kusahihishia, hiyo ni kumi kwa kumi. Anapita, anakwenda électricité, baba anafurahi, na mimi sijasema neno. Nimeshika bic, nimeandika moja, sufuri haijatoka. Nikimpa hiyo kumi, namlipa kwa vile ameacha kuangalia.

Nilimwambia asubiri kidogo. Dakika ishirini sasa. Msumari uko mezani, waya uko, betri iko. Récréation imekwisha, wengine wanaingia na kukaa, wananiangalia naandika. Yeye bado yuko barazani.