Puti Kwenye Chesisi

Jumatatu, 3 Juni
Mark Two ya kaka Ambokile bado imekalia nafasi gereji kwangu, Mbalizi. Injini mpya ya turbo inaning'inia kwenye mnyororo, inangoja pa kukaa. Leo nimekwangua rangi ya chesisi ya mbele, mifupa inayobeba injini, ili niichomelee mabamba ya kuiongezea nguvu. Rangi nyeusi, inang'aa. Chini ya rangi, puti ya kuzibia mashimo ya bati. Chini ya puti, kutu. Bisibisi ilizama mpaka kwenye mpini.

Kinyaa. Mtu kafanya uchafu huu halafu kanawa mikono, kaenda kula.

Jumanne, 4 Juni
Ambokile kaja. Jumamosi anataka gari liongoze msafara wa harusi ya mdogo wetu Neema, kutoka hapa mpaka Ipogolo kwa wakwe. Mama akae mbele. Nikamwonyesha kutu. Akasema aliuziwa hivyo hivyo.

"Gari limeshaombewa na mchungaji. Wewe funga injini tu."

Kweli liliombewa. Nilikuwepo. Mchungaji kaweka mkono kwenye boneti, Mama akaitikia amina, na puti imetulia humo ndani. Injini yenye nguvu karibu mara tatu ya ile ya zamani, ishikwe na puti na amina. Pale Mlima Nyoka ingeng'oka, gari liporomoke na watu wake.

Jumatano, 5 Juni
Nimekata chesisi. Sikuomba ruhusa.

Ndani kumeshindiliwa matambara, puti ipate pa kushika. Nikavuta. Kitenge cha kijani, maua ya njano. Sare yetu ya kumaliza msiba wa Baba, mwaka jana. Gari alilinunua miaka mitatu iliyopita.

Kwa hiyo ni yeye. Alijua. Na Mama angemkalisha mbele.

Nimelitandaza tambara hilo juu ya meza.

Alhamisi, 6 Juni
Mama kaleta ndizi za kupika na nyama. Akaliona tambara juu ya meza.

"Nguo yangu hii. Nimeitafuta sana."

Nikamwambia ilikokuwa. Akalikunja, grisi na yote, akatia kwenye kikapu. Jioni Ambokile kapata habari kwamba gari limekatwa, kapiga simu, anafoka kwamba nimemwaibisha mbele ya wakwe aliowaahidi gari hilo. Nilimwacha amalize. Kumbe mtu unaweza kuchukia sauti ya ndugu yako wa tumbo moja.

Jumamosi, 8 Juni
Ipogolo. Tumekuja na Kosta ya kukodi. Neema kapendeza. Pilau nzuri, sikuweza kula, Ambokile kakaa meza moja na mimi. Sikumwamkia. Tangu nianze kuongea sijawahi kumnyima kaka yangu shikamoo. Shangazi kaona, kaguna.

Mama kavaa sare ya harusi kama wote. Kichwani kafunga kile kipande cha kijani. Kakifua, lakini doa la grisi halijatoka. Ambokile hakucheza hata wimbo mmoja.

Jumanne, 11 Juni
Asubuhi, baridi, ukungu mpaka mlangoni. Ambokile kaja na ovaroli na bamba la chuma nene begani. Akalishikilia kwenye chesisi, nikachomelea. Hakuna puti. Tumefanya upande mmoja mpaka mchana.

Cheche zilipoanza alikuwa anakodoa macho. Bado ananichefua. Shikamoo sijampa. Miwani ya kuchomelea nilimpa.