Nani Ameingiza Gugu Kitaluni?

Nyumba ya Mlinzi,
Lango la Msitu.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Salamu tele kutoka kwetu. U mzima? Kifua kimepoa? Usinijibu "sijambo" tu kama kawaida yako. Nataka kujua kama bado unakohoa asubuhi. Sisi huku wazima. Goti linamsumbua shemeji yako, ila ulimi wake hauna tatizo.

Kazini si kuzuri. Gugu geni limeingia kwenye kitalu cha miche. Lina maua ya njano na mbegu zenye vijimwiba vinavyonasa popote, na linatambaa juu ya miche na kuinyima jua. Vitanda vitatu vimekwisha. Bwana misitu anasema likivuka kijito, msitu wote utasongwa.

Sheria ya hapa unaijua: kila anayeingia husugua viatu kwa brashi, kisha hukanyaga beseni la dawa. Msimamizi ni mimi. Basi nani ananizunguka? Nikaanza kumshuku kila mtu. Dereva wa lori la mbolea, kwa nini anapiga mluzi akiniona? Mwalimu anayeleta wanafunzi, soksi ndefu vile za nini?

Mwisho nikamkazia macho mrina asali. Mkimya mno yule, na viatu vyake vimechakaa. Nikamshtaki kwa bwana misitu bila ushahidi wowote ila sura yake. Akaambiwa mpaka kesho awe ameondoa mizinga yote arobaini, na ndiyo inayolisha wanawe.

Jana alikuja kuanza kuishusha. Alisugua viatu, akakanyaga dawa, kisha akaniuliza kwa upole, "Mzee, na wewe nani anakukagua?"

Nilikasirika kwelikweli. Mimi naishi ndani ya uzio, nikaguliwe ya nini? Lakini swali lile halikunitoka kichwani. Nikavua buti ulizoniachia ulipokuja likizo Desemba, zile ulizokuwa ukivaa kazini kwenye shamba la ng'ombe. Siku ile ile uliponiachia nilizivaa nikaenda nazo moja kwa moja kitaluni, naringa. Nikachokoa mishono ya soli kwa sindano ya shemeji yako. Zikadondoka mbegu saba, vijimwiba na vyote.

Sasa niambie kweli: huko shambani kwenu kuna gugu la maua ya njano? Ulijua? Au kuna mtu alizichezea buti zangu usiku? Unaona, bado natafuta wa kumsukumia. Nyani haoni kundule.

Sitangoja jibu lako. Kesho asubuhi naziweka buti na mbegu mezani kwa bwana misitu, mrina asali akiwepo. Kazi ikienda, na iende. Ninachoogopa ni kumtazama yule mrina asali usoni.

Nisalimie mkeo, mama mkwe wako na yule mtundu wenu mdogo. Mungu awafunike wote.

Ni mimi kaka yako, akupendaye hata anapokushuku,

Mlinzi wa lango