Isome Ukiwa Peke Yako

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie huko ulipo, wewe na wale mapacha, ambao nasikia wameshaota meno ya mbele. Mimi sijambo, ila goti la kushoto limeamua kuzeeka kabla yangu. Natumaini kifua chako kimepata nafuu na hema lenu halivuji tena. Barua hii utapewa mkononi na muuguzi anayekuja huko kuchanja watoto. Nimemwomba asimpe mtu mwingine yeyote, hata shemeji. Tafadhali isome ukiwa peke yako.

Mtaa wetu umekwisha, Dada. Upande huu zimebaki nyumba nne zenye watu. Mwenye duka la vyombo ameondoka, fundi viatu naye ameondoka, na hata yule jirani aliyekuwa akigombana na mumewe kila jioni. Siku hizi nautamani ule ugomvi wao. Asubuhi nafungua karakana, cherehani sita zimepangwa kama zamani, nami nakalia moja. Nyingine nazipangusa vumbi na kuzitia mafuta, maana wenyewe waliniachia wakisema watarudi. Wakati mwingine nazisemesha. Usinicheke. Wiki iliyopita zilipita siku tatu bila mtu kuniita, nikajikuta naliita jina langu mwenyewe huku nasonga unga jikoni.

Kikundi chetu cha wanawake kingalipo. Tulikuwa kumi na wanane, sasa tumebaki kumi na mmoja. Bado tunavaa vile vitambaa vya buluu nilivyoshona, bado tunawasindikiza wenzetu kwenda kuteka maji na kuokota kuni, na bado watatu kati yetu wanashinda kwenye kizuizi cha askari kila siku, wamekaa kwenye magogo ng'ambo ya barabara, wakiangalia nani anapita na nani anabakizwa. Silaha hatuna, gari hatuna. Kazi yetu ni kukodoa macho tu, na wale askari hawapendi kukodolewa macho na wanawake walio sawa na mama zao.

Sheria yetu kuu unaikumbuka. Mwanamke akishaingia kwenye nyumba yetu ya kujihifadhi, habari zake hazitoki mpaka mwenyewe aridhie mbele ya watatu kati yetu. Haziendi kwa jirani, kwa mume, wala kwa ndugu wa damu. Sheria hiyo niliidai mimi, baada ya kaka mmoja kulia mlangoni kwetu mpaka tukamwonea huruma, tukamwonyesha dada yake alipo. Yaliyompata yule dada sitayaandika. Tangu hapo wenzangu wananiita Mama Kufuli, na mimi naitika.

Ngoja nikusimulie siku moja ya kazi yetu, kisha nije kwenye jambo lenyewe, maana nikianza na jambo lenyewe mkono utanigoma. Ilikuwa wiki ile watu walipovuka kwa wingi. Muuza mkaa alikuwa zamu kizuizini. Mnamo saa nne asubuhi alifika karakana mbio, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, akasema askari wamemtoa msichana kwenye foleni na kumfungia kwenye kibanda cha mabati. Akasema pia kwamba msichana aliposhikwa tu, jamaa aliofuatana nao wakafunguliwa njia wakapita.

Tulikwenda wote. Hatukupiga kelele, tulikaa chini tu mbele ya mlango wa kile kibanda, bega kwa bega, ili yeyote anayetaka kuingia atukanyage kwanza. Kamanda alikuja akatuamuru tuondoke. Hatukuinuka. Akafyatua risasi hewani. Mkunga wetu mstaafu, ambaye unajua sikio moja limekufa, akamwomba arudie aliyosema kwa sababu hakusikia vizuri. Askari wawili wakashindwa kujizuia kucheka. Hapo mkunga akamwambia kamanda kwamba alimpokea kwa mikono yake hii miwili, kwamba alitanguliza miguu na kumtesa mama yake siku mbili nzima, akamuuliza kama angependa aendelee kuwasimulia vijana wake mambo yaliyofuata. Kamanda akageuka akaenda zake. Tulikaa pale mpaka saa kumi, juani. Mwenzetu mmoja aliona heri kujikojolea kuliko kuinuka. Goti langu ni la siku ile.

Mwishowe kamanda alirudi akasema tuuchukue mzigo wetu, na asimwone tena barabarani kwake. Mlango ukafunguliwa.

Dada, kama umesimama, kaa. Aliyetoka alikuwa Chiriku wetu. Mwanao yu hai.

Umeniandikia mara tatu kuniuliza kama kuna yeyote aliyemwona, nami mara tatu nimekujibu kwamba hatujasikia lolote. Nilikudanganya. Nilipokuwa naandika lile jibu la pili, alikuwa chumba cha pili anapiga pasi. Ameishi kwangu miezi saba. Yule mtoto tuliyekuwa tukimbembeleza anyamaze japo tumalize kula, mwezi wa kwanza alifungua kinywa kuomba maji tu. Baadaye akaanza kukalia cherehani, kisha akavaa kitambaa cha buluu, akaanza kuwasindikiza wenzake kuteka maji kisimani, mbali na kile kizuizi. Mapishi bado yamemshinda, anaunguza hata maji.

Hakutaka uambiwe. Alilisema hilo mbele ya watatu wetu, kama sheria inavyotaka, akatueleza na sababu. Kule kizuizini baba yake aliitwa pembeni. Yeye akamfuata nyuma kwa kuwa alikuwa amembebea mfuko. Akamsikia kamanda akisema ama warudi wote walikotoka, ama msichana abaki. Baba yake akageuka, akamwambia mwanawe ampe ule mfuko.

Kwa hiyo hakupotea katika msongamano, kama shemeji alivyokwambia. Simtetei shemeji. Lakini pia sikusahau kwamba mapacha walikuwa wanaungua homa, na nyuma yenu nyumba zilikuwa zinachomwa. Nimejaribu kumchukia moja kwa moja nikashindwa, na nimejaribu kumsamehe nikashindwa vilevile.

Sasa yangu mimi. Nimekuwa nikijiambia kwamba nilinyamaza kwa ajili ya sheria. Si kweli yote. Ningeweza kumwomba afikirie tena, na sikumwomba hata siku moja, kwa sababu mbili. Ya kwanza, niliogopa kukuuliza kama ulijua. Chiriku anasema ulikuwa mbele kidogo, mtoto mmoja mgongoni na mwingine kifuani, na kwamba uligeuka mara moja. Hajui kama ulimwona. Mimi nimelala na kuamka na huko kugeuka kwako miezi hii yote. Sababu ya pili inanitia aibu zaidi: nilipenda kuwa naye. Kulikuwa na mtu wa kuniita mama mdogo, kulikuwa na vikombe viwili vya kuosha. Wewe ulikuwa unalia huko, mimi huku najifaidia mwanao. Nisamehe kama utaweza.

Wiki mbili zilizopita aliondoka na kundi la wanawake tuliowasindikiza mbali zaidi. Mahali alipo sipajui, ndivyo tulivyokubaliana, anajua msindikizaji peke yake. Kabla ya kuondoka alimwita mkunga, muuza mkaa na mimi, akaridhia kwa kinywa chake: uambiwe, na uulizwe. Jibu lako mpe muuguzi. Litapita mikono ya wanawake watano mpaka limfikie, na hakuna hata mmoja wao atakayelifungua.

Mwandikie mwenyewe, Dada, usinitumie mimi maneno. Mwambie kama ulijua au hukujua. Nilimuuliza nikwambie nini iwapo ulijua. Alifunga mkoba wake, akaufungua, akaufunga tena, kisha akasema hata kama ulijua, uandike.

Wabusu mapacha, uwaambie dada yao anawakumbuka. Shemeji simsalimu, si leo. Mkunga na wenzangu wote wanakusalimu na wanakuombea afya. Funika kifua chako asubuhi, baridi ya huko nasikia haina huruma.

Ni mimi mdogo wako,
niliyekudanganya mara tatu.