Maji Yasiyotoka Hayamwagiki

Chumba cha juu,
Nyuma ya duka la vioo,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje, limepunguza vituko? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio mgonjwa.

Kwanza nikuambie, ndoa ni tamu. Tukikunja shuka ananiangalia mimi badala ya shuka, pembe zinakataa kukutana. Ningekujazia kurasa kwa hayo tu, lakini maji yamenifika shingoni.

Unajua mume wangu ni mtafiti. Programu zake yeye haziandiki kwa mkono wake. Kompyuta inazitunga nyingi ovyo ovyo, yeye anazipa alama. Zilizofanya vizuri zinachanganywa zizae nyingine, mbovu zinatupwa, kizazi baada ya kizazi. Aliponieleza mara ya kwanza nilimwambia, kumbe nimeolewa na baba wa watoto wengi. Alicheka hadi akapaliwa.

Hizi za sasa ni za hospitali: zifungue na kufunga maji ya wodini yasipotee. Alama alizitoa kwa jambo moja tu, maji yaliyomwagika. Yakiwa machache, alama nyingi. Ikazaliwa moja iliyopata alama zote. Akaitangaza kwa wakubwa, akaja kunizungusha jikoni nikiwa na mwiko mkononi.

Juzi wakaijaribu kwenye mabomba ya maabara, mbele ya wageni wa hospitali. Bomba kavu. Ilikuwa imejifunza kufunga kila kitu, maana maji yasiyotoka hayamwagiki. Muuguzi mkuu akauliza kama na wagonjwa watafungwa. Walicheka wote isipokuwa mume wangu.

Mkuu wake amempa hadi Ijumaa. Akishindwa, mashine anapewa mwingine, na yeye anahamishiwa kituo cha mbali, bweni la wanaume watupu. Na kulea vizazi vipya, anasema, kunataka wiki nyingi. Shangazi, hata vumbi la harusi halijatua!

Nilimwambia, "Mimi nataka jambo moja tu, nisikuone na huzuni."

Tangu hapo anatabasamu. Anakula, anasifia mchuzi. Nikafurahi, mjinga mimi. Jana nilikwenda kuanua nguo, nikapita chini ya dirisha la bafu. Alikuwa analia, amefungulia bomba ili nisisikie.

Nilibaki na shuka mikononi. Kosa lake na langu ni moja. Nilimpa alama kwa huzuni nisiyoiona, naye akahakikisha siioni.

Wewe uliishi na marehemu mjomba kwa mapenzi hadi mwisho. Niandikie, mtu kama huyu anaulizwaje ili afunguke? Ila siwezi kungoja jibu. Akiamka nitamwambia alie hapa mezani, mbele yangu, na nitalia naye. Ijumaa ije itukute pamoja. Wakimpeleka huko, nitamfuata nikapange chumba karibu na geti la bweni.

Nisalimie binamu fundi saa, mapacha wake watundu, na bibi wa miwani miwili. Mungu akutunze, atutunze na sisi.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, nikupendaye,

Kidoti.