Nilikaa Chuo Kikuu Miaka Minne

Old Moshi,
Jumatano

Mpendwa Dada Sofia,

Shikamoo. Natumaini kile kifua kimekuachia na shemeji hajambo. Sisi tu wazima, ila baridi ya huku inanifanya nijifunike hata mchana. Dada, usinicheke, ndoa ni tamu. Elinami akirudi kutoka ofisi ya kahawa mjini, nazitambua hatua zake kabla hajaingia kwenye migomba, na moyo unanienda mbio kama siku ile alipoleta kitabu kilichochanika dirishani kwangu.

Kitabu hicho ndicho kilichotukutanisha, na hicho hicho kimeniingiza majaribuni. Unakumbuka Elinami aliwaandikia wazazi wake kwamba amepata mchumba Chuo Kikuu. Nilipofika, mama mkwe akaniuliza, "Kwa hiyo na wewe ulikaa Chuo Kikuu?" Nikajibu, "Ndiyo mama, miaka minne." Si ni kweli? Si nilikaa miaka minne kwenye chumba cha kushona vitabu vya maktaba? Kesho yake kijiji kizima kinaniita msomi. Elinami alitaka kusahihisha, nikamzuia. Niliogopa, dada. Mama alikuwa akinishika mkono mbele za watu.

Basi baba mkwe, ambaye ni mzee wa kanisa, akanipangia niongee Jumapili baada ya ibada, niwaeleze wazazi na wanafunzi habari za Chuo Kikuu. Elinami akaniambia, "Sema unachokijua tu, mpenzi."

Mambo ya kale ya chuo nayajua, maana yamepita mikononi mwangu yakiwa yamechanika. Nikawaeleza kwamba kilianza na wanafunzi wachache, wote wa sheria, katika jengo la kuazima mjini, ndipo kikapanda kilimani. Nikawaeleza jinsi vijana wa nchi jirani walivyokuja kusoma, wengine wakarudi kwao kuongoza serikali. Mama yuko mbele na kitambaa kipya kichwani, anaitikia kwa kichwa kila neno.

Ndipo akasimama mwalimu mmoja mstaafu, aliyesoma pale.

"Umesema vizuri, binti. Mimi nilikaa bweni la pili. Wewe ulikuwa la ngapi?"

Ningeweza kutaja namba yoyote. Elinami akainuka kidogo kwenye benchi, kama mtu anayetaka kunijibia. Nikamtangulia.

"Sikukaa bweni, mwalimu. Jioni nilirudi kwa dada yangu kwa miguu. Mimi sikusoma pale. Nilishona vitabu mlivyovichana."

Mtu wa nyuma akacheka. Mwalimu hakucheka. Akasema, "Basi na vyangu vimo," akakaa.

Mama alitoka kabla ya wimbo. Jumatatu sokoni nikasikia mwenzake akimtania, "Mama Elinami, kumbe msomi wako ni fundi cherehani?" Akabeba kikapu chake akaondoka. Nyumbani maneno yake yote yalinifikia kupitia kwa wifi. Nililia, na Elinami akanifuta machozi kwa koti lake la kazini, linanuka kahawa. Nampenda, dada.

Jana asubuhi, nikiwakatia ng'ombe majani, mama akaja na kitabu cha nyimbo cha marehemu mama yake. Mgongo umeachia, kurasa zimefungwa kwa kamba ya mgomba.

"Msomi," akasema bila kutabasamu, "na hiki utakiweza?"

Nimesema nitakiweza. Sasa nisaidie. Sindano yangu nene na ule uzi wa nta vimo kwenye kopo la maziwa, chini ya kitanda nilichokuwa nalalia. Nimetafuta hadi Himo, ambako siku hizi kila kitu kinauzwa, sindano ya namna ile hakuna. Hivyo viwili mpe mtu wa basi la Moshi aniletee.

Nisalimie shemeji, wanao wote, na yule mzee wa maktaba aliyenifundisha kushona. Mwambie nimeolewa pazuri. Elinami anakuamkia.

Usichelewe, dada. Kitabu kiko mezani, na kila mama akipita anakigusa, kisha ananitazama mikono.

Mdogo wako akupendaye,
Salome