Jembe la Ukoo Nitakuja Nalo

Igamba,
S.L.P. 40,
Vwawa, Mbozi.
14 Juni 1998

Mpendwa mwanangu Lwitiko,

Pokea salamu za mama yako kutoka kwenye baridi ya huku kwetu. Hujambo, baba? Kile kifua kimeacha kukusumbua? Na unakula? Mwalimu asiyekula hufundisha kwa hasira. Sisi wazima, ila goti langu ndilo hilo hilo.

Mdogo wako Ruti yuko kwenye mibuni tangu asubuhi, kahawa mwaka huu imeiva yote kwa pamoja kama imeambizana. Alitaka aniandikie, nimekataa. Hii naiandika mwenyewe kwa mwandiko wangu wa ngumbaru. Ukiona mistari inapanda mlima, nifuate taratibu.

Nimefurahi mno kusikia mtafunga ndoa na Fides mwezi wa nane huko Moshi. Ila kuna neno kwenye barua yako limenikaa. Umesema nisije na jembe la ukoo, wakwe watacheka. Umesema vitabu unavyofundishia vinasema ustaarabu ni majumba ya mawe na maandishi, na wazee wetu walikuwa gizani mpaka wageni walipokuja.

Nikaona aibu, mwanangu. Jembe lile bibi yako alinikabidhi mkononi siku naolewa, kama yeye alivyokabidhiwa, nami ndiye wa kumkabidhi Fides. Lakini nikasema, mwalimu ni yeye. Basi alipopita yule wa vyuma chakavu wa Tunduma na baiskeli yake, nikampa jembe. Akanipa beseni la plastiki, jekundu.

Nisamehe. Siku tatu kila nikipita mlangoni naona ule msumari mtupu alipolitundika marehemu baba yako. Siku ya nne nikapanda gari mpaka Tunduma, beseni mapajani. Nikamkuta kwenye lundo lake.

"Mama, umefuata kutu toka Igamba?"

"Nimefuata harusi ya mwanangu," nikamjibu.

Akacheka, lakini akalitafuta jembe. Lilikuwa chini kabisa, limelaliwa na rimu za magari. Kuangalia beseni, akapiga kelele, "He! Na hili umeshalipasua?" Kweli lina ufa, nilifulia mara mbili tu. Akaniambia niende navyo vyote, nisimtie mkosi.

Sasa mwanangu, mimi sibishani na vitabu. Nauliza tu. Huyo aliyeandika alifika Igamba? Alimuuliza nani? Kile kichuguu kwenye mibuni yetu, ulikocheza ukiwa mdogo, ni tanuru la babu wa baba yako. Lilikuwa refu kumzidi mtu. Yale mabonge meusi mliyowarushia ngedere ni takataka za chuma chake. Alichukua mawe mekundu akayapika kwa makaa hadi yakatoa chuma, na hakuna aliyemwandikia namna ya kufanya. Bibi yako alikuwa akisema hata bustani ya kwanza ya misheni ililimwa kwa majembe yake. Je, mtu wa gizani aliwezaje kujua moto kiasi hicho?

Labda majibu unayo, wewe umesoma. Mimi nina ombi moja. Nitakuja na jembe nimelifunga kwenye khanga, hakuna atakayeliona. Kabla ya kanisani, nipe dakika moja na wewe na Fides. Wekeni kidole pale shingoni mwake palipobonyea, ndipo nyundo ya jiwe ya huyo babu wa baba yako ilipopiga. Halafu uamue. Ukisema nirudi nalo, nitarudi nalo, na wala sitakununia. Nitakuwa nimefika, inatosha.

Ruti anakusalimu, baba mdogo Ezron pia, na shangazi yako Ferista anauliza kama Moshi kuna baridi aje na koti. Msalimie sana binti yangu Fides na wazazi wake.

Mungu akufunike, akulinde njiani na darasani.

Ni mimi mama yako, nikupendaye hata unaponikataza,
Loisi

Beseni nalo nitaleta. Mkimaliza kushika jembe, mlitazame na lenyewe, na ufa wake.