Filimbi Sita Juu ya Ziwa

Doreen, niko kwenye njia ile ile ya ziwani. Njia ya vikongwe na vigari vya watoto, lakini ndiyo iliyomuua Wilf, mume wangu.

Nimesikia filimbi. Sita, halafu kimya dakika nzima. Tena sita. Ndiyo ishara ya hatari: mtu anaomba msaada huko juu mlimani!

Mwanamume mwenye mbwa akacheka: "Watoto tu hao, bibi. Nani atapotea huku?"

Watoto tu hao! Ndivyo nilivyosema mimi mwaka jana nikimimina chai nyumbani, kumbe alikuwa Wilf anapuliza.

Waokoaji nimewapigia, wako njiani. Nimepuliza filimbi yangu mara tatu, ndilo jibu, ajue amesikika. Ukungu umeshuka, hata maji siyaoni.

Doreen, sasa zinakuja nne tu, tena hafifu; pumzi inamwishia. Naendelea kumjibu.